Maswali ya Wasomaji: Pikipiki Niliyoitamani Tangu Utotoni

SWALI: Ndugu mhariri wa safu hii, mimi ni mwalimu mstaafu na makazi yangu ni Tukuyu, wilayani Rungwe. Tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi nimekuwa nikiitamani pikipiki aina ya Honda XL 125, ile aliyokuwa akiiendesha bwana shamba wetu alipokuja kukagua kahawa na migomba ya wazazi wetu. Miaka yote ya utumishi wangu fedha ilikwenda kwenye karo, mabati na matibabu. Sasa mafao yangu yamelipwa, nyumba imekamilika na watoto wanajitegemea. Wanangu wananiambia kwamba kama ni lazima kununua pikipiki, basi ninunue Boxer mpya nimkabidhi kijana aifanyie bodaboda na kuniletea hesabu kila jioni. Mke wangu hajakataa, ila ananiuliza nitakuwa nakwenda nayo wapi. Je, ni vibaya mtu wa umri wangu kununua chombo kwa sababu tu anakipenda? Na nikiamua kuitafuta hiyo XL iliyokwisha kutumika, nikague nini ili nisije nikatapeliwa?

Mwalimu mstaafu, Tukuyu

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nitaanza na swali lako la kwanza, kwa kuwa naona ndilo lililokusukuma kuandika. Hakuna ubaya wowote. Mtu aliyesomesha watoto, akajenga na akamaliza utumishi wake salama ana haki ya kutumia sehemu ya jasho lake kwa kitu ambacho faida yake ni furaha ya moyo wake mwenyewe, na furaha hiyo haihitaji kuthibitishwa kwa hesabu ya jioni. Ushauri wa wanao umetoka kwenye upendo, lakini unajibu swali ambalo wewe hukuliuliza. Bodaboda ni biashara. Ina leseni yake, bima yake, dereva wake na migogoro yake, na ukiifuata njia hiyo utakuwa umejinunulia kazi ya usimamizi huku hamu yako ikibaki palepale ilipokuwa. Sharti langu ni moja: fedha hiyo isitoke kwenye fungu mlilolitenga kwa ajili ya chakula na matibabu, na usikope hata shilingi kuikamilisha.

Swali la mama, hata hivyo, naomba ulipe uzito, kwa sababu ndilo litakaloamua ununue nini. Kama safari zako zitakuwa za Tukuyu mjini, Kiwira na Mbeya kwa njia ya lami, pikipiki yoyote iliyo nzima itakutosha. Kama moyo wako unakwenda Masoko, au kwa ndugu wa Busokelo, au kushuka Kyela na kuendelea hadi Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa ukizipita na njia za vijijini, utakutana na vumbi, mawe na matope, na hapo XL yako ina sababu za kweli za kupendwa. Gurudumu lake la mbele ni kubwa, la inchi 21, kwa hiyo huyapanda mashimo na mawe badala ya kutumbukia kati yake. Shokapu zake zina nafasi ndefu ya kucheza. Injini yake ni ya mipigo minne na silinda moja, haichomi oili pamoja na petroli kama Yamaha DT 125 za enzi zile, na fundi mwenye akili ya kawaida anaweza kuifungua na kuirudisha bila kifaa cha ajabu.

Lakini Mwalimu, pikipiki utakayoonyeshwa leo si ile uliyoiona utotoni. Ni mashine ya miongo mingi iliyopita kwenye mikono ya watu wengi, na mara nyingi vilivyobaki vya asili ni fremu na tangi tu. Ndani ya fremu hiyo huenda ukakuta injini ya Kichina ya mtindo ulioigwa kutoka Honda CG 125, pikipiki iliyotoka mwaka 1976 na ambayo injini yake imenakiliwa kuliko karibu injini nyingine yoyote ya pikipiki. Injini hiyo si mbaya, na pengine itakusumbua kidogo kuliko ya asili iliyochoka, ila bei yake isiwe bei ya XL kamili, na namba yake lazima iwe imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Muuzaji atakayekuambia kwa furaha kwamba amekuwekea injini mpya hana nia mbaya kila mara. Wewe mwombe kadi palepale, uilinganishe na namba iliyogongwa kwenye injini na ile iliyogongwa kwenye shingo ya fremu. Tarakimu moja ikitofautiana, au ukiona pamekwanguliwa au kupigwa tindo, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Kwenye ukaguzi wenyewe, nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa kiganja. Ukiikuta ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyochoka hujificha ikishapata joto. Iliyo nzima huwaka kwa kiki chache ikiwa baridi, choki ikiwa imevutwa. Ikishawaka tazama moshi. Mvuke mweupe unaotoweka baada ya muda mfupi ni wa kawaida kwa baridi ya Rungwe. Moshi wa buluu usiokoma, hasa unapoongeza mafuta baada ya kuachia, ni oili inayoungua, na maana yake ni kwamba ringi za pistoni au valvu zimekwisha. Kazi hiyo ina gharama na ni lazima ipunguzwe kwenye bei. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa, na dawa yake inaweza kuwa ndogo kama kusafisha chujio la hewa. Iache ingurume hadi ipate joto, kisha izime na uiwashe tena, kwa maana ziko ambazo huwaka vizuri zikiwa baridi na kugoma kabisa zikiwa za moto, na utaligundua hilo ukiwa katikati ya mlima na mvua ikinyesha.

Kisha iinue gurudumu la mbele lisiguse ardhi, ushike miguu ya shokapu na kuitikisa mbele na nyuma. Ukihisi mchezo, beringi za shingo zimechakaa. Lisukume gurudumu la nyuma kushoto na kulia kwa nia hiyohiyo. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo, na utasikia zilizolegea kwa sauti yake iliyofifia. Ivute cheni kutoka nyuma ya sproketi kubwa; ikiinuka hadi jino likaonekana wazi, cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe kwa pamoja, kwani cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka huisha upesi. Mwisho, na hili usilione dogo, tazama fremu chini ya tangi na kwenye shingo kama imewahi kuchomelewa. Injini hufufuka na taa hubadilishwa, lakini fremu iliyokatika shingoni ikaungwa sitakushauri uipande hata ukipewa bure. Kumbuka pia kwamba nyingi za zamani zilikuwa na umeme wa volti 6, ambao taa yake ni hafifu mno kwa ukungu wa Isongole. Ziko zilizobadilishwa kuwa za volti 12, na mabadiliko hayo ni ya kuyakaribisha. Kabla hujatoa malipo, pita kwenye maduka ya vipuri ya Mwanjelwa uulize pistoni, ringi, kebo ya klachi na viatu vya breki vya XL. Ukijibiwa mara nyingi kwamba havipo, umeshajua maisha yako na pikipiki hiyo yatakavyokuwa.

Kuhusu karatasi, XL nyingi zilizunguka mikononi mwa serikali, misheni na miradi ya wafadhili kabla ya kuuzwa kwa mnada. Ukikuta iliyowahi kuwa na namba za mradi, zile zinazoanza na herufi DFP, dai stakabadhi ya mnada na barua ya aliyeuza, na uhakikishe Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba imeshahamishiwa kwenye namba za mtu binafsi zinazoanza na MC. Vyombo vya miradi huingizwa nchini kwa msamaha wa ushuru, na ushuru huo huweza kudaiwa chombo kinapohamia kwa mtu wa kawaida. Usikubali deni hilo likukute wewe. Aliyeandikwa kwenye kadi ndiye anayepaswa kusaini mkataba wa mauziano. Ukiambiwa kwamba kadi ni ya mtu aliyemuuzia mtu aliyemuuzia huyu, na kwamba yule wa kwanza amehamia Songea au amefariki, subiri hadi mwenyewe au msimamizi wa mirathi apatikane, hata kama roho inakuuma. Utahitaji namba yako ya mlipa kodi (TIN), uhamisho wa umiliki na bima. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ndiyo lazima kisheria; bima kubwa kwa chombo cha umri huo huenda usiipate kwa masharti mazuri.

Ukitafuta kwa subira na usiipate iliyo nzima, nunua mpya ya aina ambayo fundi wa Tukuyu anaijua, na uipande ukiwa na moyo mkunjufu. Sioni kwamba utakuwa umeisaliti ndoto yako. Bwana shamba yule naye alipanda pikipiki iliyokuwa mpya kwa wakati wake na iliyofaa kwa njia zake.

Nimalizie na wewe mwenyewe, maana umeuliza juu ya chuma na hukuuliza juu ya mwili. Pima macho kwanza. Kisha jiandikishe kwenye chuo cha udereva hata kama uliwahi kujifunza zamani, na uhakikishe leseni yako ina daraja la pikipiki: A1 kwa zile zisizozidi sentimita za ujazo 125, na A kwa zilizo kubwa zaidi. Mwombe mwalimu wako akufundishe breki ya mbele, kwa kuwa vijana wengi wa barabarani huikwepa wakidhani inaangusha, ilhali ndiyo yenye sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha. Huminywa taratibu huku breki ya mguu ikisaidia, na usukani ukiwa umenyooka. Kutoka Tukuyu hadi ziwani unashuka takriban mita 1,000, na mtu anayeshuka mteremko huo kwa breki peke yake huzichosha hadi zikaacha kushika. Rudisha gia mapema, uiache injini ikubebe mwendo, na kamwe usishuke ukiwa kwenye nyutro kwa ajili ya kuokoa petroli.

Kofia ngumu nunua kabla ya pikipiki. Iwe ya kufunika uso, ibane mashavu bila kuumiza, ifungwe kamba kila safari, na ndani au nyuma yake iwe na alama ya kiwango cha usalama cha ECE 22.05 au 22.06. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Mnunulie na mama ya kwake, ya ubora uleule, kwa sababu swali lake la utakwenda wapi huenda ni njia ya kuuliza kama naye atakwenda.

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati moja ya Makete. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiweka akiba kwenye kikoba chetu ili ninunue pikipiki yangu mwenyewe, niache kusubiri usafiri wa kubahatisha, na nikipata likizo niweze kupita Kitulo hadi Matamba kwa wazazi, na siku nyingine kushuka hadi Chimala. Nimeambiwa ya 100, yaani ya injini ya sentimita za ujazo 100, inatosha kwa mwanamke. Pia baba yangu mdogo anasema si heshima mwanamke kuendesha. Nisaidieni.

Muuguzi, Makete

JIBU: Hongera sana, dada yangu, kwa akiba hiyo. Aliyekuambia kwamba ya 100 inatosha kwa mwanamke alipaswa kuangalia mlima badala ya kumwangalia anayeendesha. Kadiri unavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi, na injini hupumua kama sisi tunavyopumua. Kwenye uwanda wa Kitulo, ambao mwinuko wake ni takriban mita 2,600, kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya Dar es Salaam, na injini ya pikipiki ya kawaida hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo. Kwa maneno mengine, ya 100 ikifika huko inafanya kazi kama ya 75, na ukimpakia mama na gunia la viazi itakubidi ushuke kwenye kila mwinuko. Chukua ya 125 kwa uchache, na kama akiba inaruhusu, ya 150.

Iliyo na kabureta itakunywa petroli zaidi huko juu na kuweka masizi kwenye plagi, kwa sababu imetegeshwa kwa hewa nzito ya chini. Fundi anaweza kuiwekea jeti (tundu la kupitishia petroli) ndogo zaidi, na mwambie hivyo waziwazi, maana wengi hubadilisha plagi kila mara bila kugusa chanzo. Zenye mfumo wa kupuliza petroli kwa kompyuta hujirekebisha zenyewe, ila uliza kwanza kama Makete au Njombe yupo fundi anayeuweza mfumo huo.

Dukani, kaa juu ya kiti uone kama miguu yote miwili inakanyaga chini, kwa sababu kwenye utelezi wa masika mguu ndio unaokuokoa. Ilaze pikipiki pembeni kwa msaada wa muuzaji, kisha uiinue mwenyewe. Ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na mbinu ni kuipa mgongo, kushika usukani na fremu, na kuinuka kwa nguvu za mapaja. Vaa suruali nzito na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Khanga, kitenge na ncha za mtandio visiachwe vikining'inia, wala vya abiria wako, kwani vikinaswa na cheni au spoku humvuta mtu kabla hajapata muda wa kupiga kelele. Kuanzia Juni hadi Agosti, sakitu inapoanguka, glovu si urembo: vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki. Ile njia ya kona hamsini na saba kati ya Matamba na Chimala usiishuke katika majuma yako ya kwanza. Zoea kwanza njia za karibu na kwako, kisha uishuke mchana, mvua ikiwa haijanyesha, kwa gia ya kwanza na ya pili, ukipiga honi kila kona usiyoiona mbele.

Kwa baba mdogo, msalimie na umweleze kwa adabu kwamba sheria ya usalama barabarani inamdai dereva leseni na kofia ngumu, haimdai jinsia, na kwamba mama mjamzito atakayejifungua usiku atafurahi muuguzi akifika kabla ya kupambazuka. Ninaamini siku atakapougua yeye atakuwa wa kwanza kukupigia simu, nawe utakwenda.

SWALI: Nimebakiza marejesho machache kumaliza mkataba wa pikipiki ninayoiendeshea bodaboda hapa Mbalizi, na kwa mara ya kwanza nitakuwa na chombo changu. Tajiri wangu hajawahi kunionyesha kadi halisi, ananipa nakala tu. Nifanye nini?

Kijana, Mbalizi

JIBU: Mdogo wangu, ninaifurahia hatua yako na ninataka uimalize salama. Kwanza kusanya ushahidi wa kila ulicholipa. Ujumbe wa malipo ya simu usiufute, na kama ulikuwa ukilipa taslimu, andika orodha na umwombe tajiri aisaini. Pili, chukua nakala hiyo ya kadi ukahakiki TRA jina lililomo, namba ya chesisi na namba ya injini. Yapo matajiri wanaokopa ili kununua pikipiki, na kadi halisi ikakaa kwa mkopeshaji kama dhamana. Akishindwa kulipa, pikipiki itakamatwa ikiwa mikononi mwako hata kama wewe hudaiwi kitu. Kwa hiyo muulize wazi, kwa heshima, mbele ya shahidi, kadi iko wapi.

Akikuonyesha, nendeni pamoja kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mwanasheria mwandike kwamba rejesho la mwisho litalipwa siku ileile atakaposaini uhamisho wa umiliki, na mtaje ni nani atakayelipia gharama za uhamisho huo, kwani mikataba mingi ya mdomo huvunjikia hapo. Asipokuonyesha, lizuie rejesho hilo la mwisho, umjulishe kwa maandishi sababu ya kulizuia, na ulipeleke suala kwa mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa kijiwe chenu kabla halijawa ugomvi. Kadi ikishatoka kwa jina lako, hakikisha na bima imebadilishwa iwe ya jina lako siku hiyohiyo, kisha ukaulize utaratibu wa leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kwa sababu iliyokuwa ya tajiri haikufuati wewe.

Na kama bado unabeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, acha kuanzia leo. Kiti chako kimeandikishwa kubeba abiria mmoja, na huko Iwambi unashuka sambamba na malori ya Tunduma.